Mbona Septemba, "mwezi wa saba", ni mwezi wa tisa?

*Swali: Mimi ni mwalimu wa darasa la sita hapa Tanga. Juzi mwanafunzi wangu alisoma mahali kwamba jina Septemba limetokana na neno la Kilatini septem, yaani saba. Akaniuliza: mbona basi tunauita mwezi wa tisa? Nikamjibu nilivyofundishwa mimi, kwamba Julius Caesar na Augustus walichomeka miezi yao miwili, Julai na Agosti, katikati ya mwaka, na iliyobaki ikasukumwa mbele. Akaniuliza tena: "Kwa hiyo kabla yao mwaka ulikuwa na miezi kumi? Siku nyingine zilikwenda wapi?" Hapo nilikwama. Naomba msaada, darasa linasubiri.*

Mwalimu, jibu ulilompa mtoto hata mimi nililipewa, tena na mtu aliyetufundisha Kilatini seminarini, na nililibeba miaka mingi kabla sijajua kwamba si kweli. Caesar, aliyeitawala Roma, na Augustus, mrithi wake, hawakuongeza mwezi hata mmoja. Mwaka wa Kirumi ulikuwa na miezi kumi na miwili karne nyingi kabla Caesar hajazaliwa. Kilichotokea ni kwamba miezi miwili iliyokuwapo ilibadilishwa majina: Quintilis, maana yake "wa tano", ukaitwa Julius, na Sextilis, "wa sita", ukaitwa Augustus. Sasa yatazame hayo majina ya zamani. Huyo "wa tano" alikuwa tayari amekaa nafasi ya saba, na "wa sita" nafasi ya nane. Majina na hesabu vilikwisha kupishana kabla hao mabwana wawili hawajafika.

Miezi ilibaki pale pale ilipokuwa. Mlango wa mwaka ndio uliohamishwa, kutoka Machi kwenda Januari. Hesabu kwa vidole kuanzia Machi: Machi, Aprili, Mei, Juni, Julai, Agosti, Septemba. Saba. Oktoba nane, octo. Novemba tisa, novem. Desemba kumi, decem.

Kwa mtu wa Tanga jambo hili si geni. Waulize wazee wa pwani Maulidi husomwa mwezi gani, watakwambia Mfunguo Sita. Fungua kalenda ya Kiislamu, utaona kwamba mwezi huo, Rabiul Awwal, ni wa tatu, kwa kuwa mwaka huanza Muharram. Waswahili wao wamehesabu tangu pale watu wanapofungua Ramadhani: Shawwali ni Mfunguo Mosi, unaofuata Mfunguo Pili, hivyo hivyo mpaka Mfunguo Tisa, kisha zinakuja Rajabu, Shaabani na Ramadhani ambazo hazina namba. Muharram, mwezi wa kwanza wa mwaka, kwetu ni Mfunguo Nne. Hakuna sultani aliyechomeka miezi ya ziada. Watu wameanza kuhesabu kwenye mlango mwingine, basi. Ukipenda, liambie darasa kwamba Septemba ni Mfunguo Saba wa Warumi.

Nije kwenye swali la pili la mtoto, maana ni zuri kuliko la kwanza. Warumi wenyewe walisimulia kwamba mwaka wao wa mwanzo kabisa, ule uliowekwa na Romulus aliyeanzisha mji, ulikuwa na miezi kumi tu, Martius hadi December, siku 304. Na zile sitini na kitu zilizobaki? Masimulizi yanasema hazikuhesabiwa. Zilikuwa siku za baridi, shamba limelala, jeshi limerudi nyumbani, na hakuna aliyekuwa na haja ya kujua leo ni tarehe ngapi. Mfalme wa pili, Numa Pompilius, ndiye anayetajwa kuwa aliongeza Ianuarius na Februarius. Hapa tuko kwenye hadithi, na wanahistoria hawajakubaliana kama mwaka huo wa miezi kumi ulipata kuwapo kweli. Lakini hata ukiikubali hadithi yote, Numa anawekwa miaka zaidi ya 600 kabla ya Caesar. Kwa hiyo mtoto amegusa jambo ambalo Warumi waliliamini. Wewe ulimtaja mhusika asiye mwenyewe.

Kwamba mwaka ulianza Machi hakuna ubishi, kwa sababu sikukuu zao hazikusahau hata baada ya mlango kuhama. Tarehe 1 Machi moto mtakatifu wa Vesta, uliotunzwa usiku na mchana na mabikira sita, uliwashwa upya. Matawi ya mti wa laurus yaliyokauka milangoni mwa nyumba za makuhani yaliondolewa, yakatundikwa mabichi. Siku hiyo hiyo mama wa nyumba aliwaandalia watumwa karamu, na makuhani wa Mars walipita mjini wakirukaruka na ngao za kale. Katikati ya mwezi, tarehe 15, palikuwa na sikukuu ya Anna Perenna, ambaye jina lake lenyewe limebeba neno la Kilatini la mwaka. Watu wa kawaida walitoka kwenda ukingoni mwa mto Tiber, wakajenga vibanda vya matawi, wakakaa wawili wawili majanini na kunywa, kila mmoja akijiombea miaka mingi kama vikombe alivyoweza kumaliza. Mshairi Ovid alikutana nao wakirudi mjini wanapepesuka, mzee wa kike amemshika mkono mzee wa kiume, wote wamelewa.

Februari nayo ilikuwa na sura ya mwezi wa mwisho. Jina lake limetokana na februum, kitu cha kutakasia. Kuanzia tarehe 13 hadi 21 watu waliwakumbuka wafu wao makaburini. Tarehe 15 vijana wa Lupercalia walikimbia mjini wakiwa karibu uchi, wakiwachapa wanawake kwa vipande vya ngozi ya mbuzi, na wanawake waliotaka kuzaa walijipeleka wenyewe wachapwe. Ni mwezi wa kusafisha nyumba kabla ya mgeni kuingia. Mtu wa Makunduchi anayejua maana ya kuukoga mwaka ataelewa bila mfasiri.

Na tarehe 23 ilikuwa Terminalia, sikukuu ya Terminus, mungu wa mipaka. Ninaipenda hii kuliko zote. Majirani wawili wenye mashamba yanayopakana walikutana kwenye jiwe la mpaka, kila mmoja kutoka upande wake, wakalivika jiwe shada la maua, wakawasha moto, wakalirashia damu ya mwanakondoo au ya nguruwe mchanga, kisha wakala pamoja. Yeyote aliyewahi kukaa barazani kwa mtendaji wa kijiji akisikiliza kesi za mipaka atajiuliza kwa nini na sisi hatuna sikukuu kama hiyo. Ishike tarehe hiyo 23, nitairudia.

Sasa mlango ulihama lini? Warumi hawakuitaja miaka kwa namba kama sisi. Waliita mwaka kwa majina ya makonsuli wawili waliotawala mwaka huo. Mwaka tunaouita 63 KK kwao ulikuwa "mwaka wa Cicero na Antonius". Mwaka 59 KK makonsuli walikuwa Caesar na Bibulus, na Caesar alimzidi nguvu mwenzake mpaka Bibulus akajifungia nyumbani. Watu wa mjini wakawa wanatania kwamba ni mwaka wa Julius na Caesar. Kwa hiyo siku makonsuli walipoingia madarakani ilikuwa na uzito: hapo jina la mwaka lilibadilika. Na siku hiyo ilikuwa 15 Machi, mpaka ilipozuka vita ya Hispania.

Huko Hispania palikuwa na mji uitwao Segeda. Wenyeji walianza kuupanua ukuta wao, Roma ikawakataza, wao wakakataa kukatazwa. Seneti ikaamua vita. Shida ikawa tarehe. Konsuli akiingia 15 Machi, ndipo aandikishe askari, awavushe, awatembeze mpaka bara la Hispania, majira ya vita yanakuwa yameshapita nusu. Basi kwa mwaka 153 KK waliamua makonsuli waingie tarehe 1 Januari. Konsuli Quintus Fulvius Nobilior aliondoka na watu wapatao 30,000. Haraka yote hiyo haikumfaa: tarehe 23 Agosti, siku ya sikukuu ya Vulcanus, mungu wa moto, alivamiwa njiani na kupoteza askari 6,000 wa Kirumi. Tangu hapo, anasimulia mwanahistoria Appian, hakuna jemadari wa Kirumi aliyekubali kwa hiari kupigana siku hiyo.

Vita iliisha, ile tarehe 1 Januari ikabaki. Ndivyo ofisi zinavyofanya: kinachowekwa kwa dharura ndicho kinachodumu. Januari ilikuwa na hoja yake pia, kwa kuwa ni mwezi wa Ianus, mungu wa milango mwenye nyuso mbili, na ianua kwa Kilatini ni mlango. Lakini hakuna aliyehangaika kubadilisha majina ya Quintilis mpaka December. Yalikuwa yameshazoeleka, na jina likishazoeleka watu hawalisikii tena maana yake. Wewe mwenyewe unaposema Jumatatu hufikirii namba tatu.

Ukitaka ushahidi wa kuonyesha darasani, upo. Mwaka 1915 mjini Anzio, kusini ya Roma, vilichimbuliwa vipande vya kalenda iliyochorwa ukutani kabla ya mageuzi ya Caesar. Inaanza na Januari. Ina miezi kumi na miwili, na Quintilis na Sextilis wamo mahali pa saba na pa nane. Mwishoni ina safu ya kumi na tatu, ya mwezi wa nyongeza. Vipande vyake viko kwenye jumba la makumbusho la Palazzo Massimo, Roma. Mchoro huo peke yake unaimaliza hadithi ya Caesar kuongeza miezi.

Hiyo safu ya kumi na tatu ndiyo inayotupeleka kwa Caesar, kwa sababu alichokifanya kweli ni kikubwa kuliko kile anachosingiziwa.

Kiswahili kina neno moja, mwezi, kwa kile kinachong'aa angani na kwa siku thelathini za mshahara. Warumi wa kale nao walianzia hapo. Mwezi ulipoandama, kuhani aliwakusanya watu na kuwatangazia kwa sauti siku ngapi zimebaki mpaka siku iitwayo Nonae, tano au saba. Kitendo cha kuita kwao ni calare, na siku hiyo ya kwanza ikaitwa Kalendae. Riba za madeni zililipwa siku hiyo, na daftari la mkopeshaji likaitwa kalendarium. Neno letu kalenda limetoka huko, kwa hiyo ukutani kwako umetundika daftari la madeni. Katikati ya mwezi, tarehe 13 au 15, mwezi mpevu ulipotarajiwa, palikuwa na siku iliyoitwa Idus. (Baadhi ya watu huiandika "Idi za Machi" na kudhani inahusiana na Idi yetu. Ni sauti tu zimegongana. Idi yetu ni Kiarabu.)

Mwaka wa namna hii ulikuwa na siku 355. Kumi zinapungua kwa mwaka wa jua. Waislamu wanaifahamu tofauti hii na wameiacha kwa makusudi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka majira yote, kiangazi na masika. Warumi hawakuweza kuiacha, kwa sababu sikukuu zao nyingi zilikuwa za shamba: ya ngano sharti iangukie ngano, ya zabibu iangukie zabibu. Kwa hiyo kila baada ya muda walichomeka mwezi wa nyongeza. Hapo ndipo inaporudi ile tarehe 23 Februari. Sikukuu ya mipaka ikimalizika, mwaka wa kale nao ulikuwa ukingoni, na mwezi wa nyongeza ulianza hapo. Zile siku tano za Februari zilizobaki zikamezwa ndani yake. Mwaka kama huo ulifikia siku 377 au 378.

Waliokuwa na mamlaka ya kusema mwaka huu tunachomeka au hatuchomeki walikuwa makuhani walioitwa pontifices. Nao walikuwa wanasiasa hao hao: maseneta, makonsuli wa zamani, wenye marafiki na wenye maadui. Ukichomeka mwezi, rafiki yako aliye madarakani anatawala siku 22 zaidi. Usipochomeka, adui yako anatoka mapema. Cicero alipopelekwa kuwa gavana Kilikia, katika Uturuki ya leo, mwaka 51 KK, na hakuupenda ugavana hata kidogo, aliwaandikia rafiki zake Roma akiwasihi wahakikishe mwaka hauongezwi, asije akakwama kule. Mwaka 50 KK mwanasiasa mmoja, Curio, alitaka mwezi uongezwe, makuhani wakakataa, na inasemwa kwamba hasira za jambo hilo zilichangia kumsukuma upande wa Caesar.

Hapa watu humsifu Caesar na kusahau kitu. Kuhani mkuu wa hao pontifices tangu mwaka 63 KK alikuwa nani? Caesar mwenyewe. Alikuwa Gallia, Ufaransa ya leo, akipigana tangu mwaka 58, na kalenda ikalala. Ilipofika mwaka 46 KK tarehe zilikuwa zimetangulia majira kwa takriban miezi mitatu; sikukuu za mavuno hazikuangukia tena kiangazi. Kwa hiyo alipoirekebisha alikuwa pia akisafisha uchafu wa ofisi yake.

Alifanya hivi. Kwa ushauri wa mnajimu Sosigenes wa Aleksandria aliuacha mwezi wa angani na kulifuata jua: siku 365, na siku moja ya nyongeza kila mwaka wa nne. Ila kwanza ilibidi tarehe zirudishwe mahali pake. Mwaka 46 KK aliuongezea siku 23 kwa ule mwezi wa nyongeza wa Februari, kisha akaweka miezi mingine miwili, jumla siku 67, kati ya Novemba na Desemba. Mwaka huo ukawa na siku 445. Uliitwa baadaye mwaka wa mwisho wa mvurugano. Fikiria mpangaji aliyekuwa analipa kodi kwa mwaka. Kalenda mpya ikaanza 1 Januari mwaka 45 KK.

Si wote walioipenda. Mtu mmoja alimwambia Cicero kwamba kesho nyota za Lyra zitachomoza. "Naam," akajibu Cicero, "kwa amri."

Zile siku kumi alizoziongeza alizigawa kwa uangalifu. Januari, Sextilis na Desemba zilipata mbili mbili, zikawa na 31. Aprili, Juni, Septemba na Novemba zilipata moja moja, zikawa na 30. Februari hakuigusa, kwa sababu ya ibada zake za wafu na utakaso. Ndiyo maana mpaka leo ina 28. Nalitaja hili kwa kuwa darasani kwako atatokea mwingine mwenye hadithi kwamba Augustus aliiibia Februari siku moja ili Agosti isipungukiwe na Julai. Hadithi hiyo ilienezwa na mwanachuoni wa karne ya 13, Johannes de Sacrobosco. Ule ukuta wa Anzio unamkanusha: Februari ina siku 28 hapo, kabla Augustus hajawa na cheo chochote.

Na siku ya mwaka mrefu, mbona iko Februari? Caesar aliiweka pale pale ulipokuwa ukiingia mwezi wa nyongeza, baada ya Terminalia. Hawakuwa na tarehe 29. Waliirudia tarehe 24 mara mbili. Yaani kiraka kimeshonwa pale nguo ya zamani ilipokuwa na pindo. Mwaka ulikuwa unaishia hapo zamani, na alama ya pindo bado inaonekana.

Caesar aliuawa 15 Machi mwaka 44 KK, siku ya Anna Perenna, akiwa ameitumia kalenda yake mwaka mmoja na miezi miwili na nusu. Mwaka huo huo, kwa sheria ya Marcus Antonius, mwezi wake wa kuzaliwa, Quintilis, uliitwa Julius. Makuhani waliobaki wakavuruga tena, safari hii bila hila. Waliambiwa waongeze siku "kila mwaka wa nne", nao Warumi walipohesabu waliijumlisha siku ya kuanzia, kama tunavyosema Yesu alifufuka siku ya tatu: Ijumaa moja, Jumamosi mbili, Jumapili tatu. Kwa hesabu hiyo mwaka wa nne ni kila baada ya miaka mitatu. Katika miaka 36 waliongeza siku 12 badala ya 9. Augustus, aliyekuwa kuhani mkuu tangu mwaka 12 KK, aliamuru miaka mirefu isimamishwe mpaka siku tatu zilizozidi zimalizike.

Ilikuwa wakati huo, mwaka 8 KK, seneti ilipompa mwezi. Na hapa pana jambo litakalomfurahisha mwanafunzi wako. Watu walitaka wampe Septemba, kwa sababu alizaliwa 23 Septemba. Yeye akapendelea Sextilis. Azimio la seneti lilitaja sababu: katika mwezi huo aliingia ukonsuli wake wa kwanza, na katika mwezi huo Misri iliangukia mikononi mwa Warumi, maana Aleksandria ilitekwa 1 Agosti mwaka 30 KK. Angekubali Septemba, leo tungekuwa na Sextilis mahali pa nane, na mtoto angeuliza kuhusu "mwezi wa sita". Augustus alikuja kufa tarehe 19 Agosti mwaka 14 BK, siku ile ile ya mwaka aliyoingia ukonsuli akiwa kijana wa miaka 19.

Septemba iliponea hapo, lakini iliwindwa muda mrefu. Seneti ilimpa Tiberius, Kaisari aliyemfuata Augustus, naye akakataa; alipoombwa auchukue mwezi aliwauliza watafanya nini wakifika Makaisari kumi na tatu. Ninamhesabia hilo kuwa neno lake la busara kuliko yote. Caligula aliiita Septemba Germanicus, kwa heshima ya baba yake, na jina halikumzidi umri. Nero hakuigusa Septemba, alichukua Aprili, Mei na Juni. Domitian alirudi kwenye Septemba, akaiita Germanicus kwa cheo chake mwenyewe, na Oktoba akaiita Domitianus. Aliuawa tarehe 18 ya mwezi huo huo wa Septemba mwaka 96, na seneti iliyomchukia ikaamuru jina lake lifutwe kwenye shaba na kwenye mawe. Commodus hakuwa na haya kabisa: alibadilisha yote kumi na miwili ifuate majina na vyeo vyake. Aliuawa siku ya mwisho ya mwaka 192, na kesho yake ikawa Januari kama kawaida.

Kwa nini Julai na Agosti zikabaki na hizi zikaanguka? Mimi naona sababu ni warithi. Caesar na Augustus walifanywa miungu, wakawa na mahekalu na makuhani, na kila Kaisari aliyefuata alijipatia haki ya kutawala kupitia kwao, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kuwafuta. Caligula, Nero, Domitian na Commodus waliwaacha nyuma watu waliofurahi kuwasahau.

Baada ya hapo lilibaki kosa dogo. Mwaka wa Caesar ulizidi mwaka wa jua kwa dakika 11 hivi, na dakika hizo zikalimbikizana mpaka mwaka 1582, Papa Gregory XIII alipoziruka siku kumi: Alhamisi ya 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Majina hakuyagusa, na kwa majina hayo hayo, kupitia lugha za Ulaya, miezi ya Kirumi ikafika mpaka kwenye kalenda ya darasa lako.

Kesho mwambie mwanafunzi wako ahesabu kwa vidole kuanzia Machi, na hiyo hadithi ya Julai na Agosti iondoe mwenyewe mbele yake. Watoto hupenda kumwona mwalimu akijisahihisha. Akimaliza, mpe swali la kupeleka nyumbani kwa bibi yake: Mreno huiita Jumatatu siku ya pili, sisi tumeiita ya tatu. Kila mmoja alianza kuhesabu kwenye mlango upi?